Ubongo Wangu kwa Wote

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Maabara yetu ina nafasi moja ya kwenda mkutanoni Lisboni. Yangu hiyo. Solvej anadhani ni yake. Masikini!
Profesa wetu, Gudrun, katugawia picha za bongo: ishirini na nne mimi, ishirini na nne Solvej. Kazi ni kuchora kwa mkono sehemu ya kusikia katika kila ubongo, kisha kupima ilivyowaka mtu alipopigiwa filimbi ndani ya mashine ya picha. Hataki bongo zivutwevutwe zifanane. Eti kila mtu apimwe kwa umbo lake mwenyewe. Matokeo Ijumaa, wakati wa mikate, kifungua kinywa chetu cha kila wiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora mmoja. Saa tatu nzima! Shingo imekufa ganzi. Solvej yuko wa nne, na anapiga mluzi.
Wazo! Picha namba saba ni mimi: nililala mashineni kwa ajili ya sayansi (na kikombe cha bure). Ubongo mzuri ajabu. Nichore wangu, niubandike mchoro kwa wote. Sisi sote si tuna vichwa?

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza! Mchana nimekwenda kuogelea baharini. Solvej kauliza nimewezaje. Nikamwambia kipaji hakifundishwi, dada. Kaguna.
Namba kumi na mbili kawaka kuliko wote. Nimemweka ukurasa wa kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Msiba. Mikate, siagi, jibini, matokeo yangu ukutani. Solvej kauliza, kwa upole wa kuudhi, mbona namba kumi na mbili anasikia kwa jicho. Kweli! Mchoro umetua juu ya jicho. Kwa namba tatu umetoka nje ya fuvu, uko hewani.
Nikajitetea kuwa huenda namba kumi na mbili ana kasoro tangu kuzaliwa. Gudrun akaweka kisu cha siagi chini. “Namba kumi na mbili ni mimi, Asger. Na jicho hilo linakuona vizuri sana.”
Solvej ndiye wa Lisboni. Mimi narudia zote. Nimelia kidogo chooni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetubu! Ubongo mmoja mmoja, kwa mkono. Nimeanza na wa Gudrun, saa nne nzima. Mchoro safi, hata Solvej kausifu.
Lakini kitu kizuri hivi kutumika mara moja tu si israfu? Tena ni wa profesa! Nani atathubutu kusema haumfai?
Nimeubandika kwa wote ishirini na watatu. Dakika tisa!