Mkia wa Ndege wa Mama Mkwe

Jumatano, 17 Desemba

Mama mkwe anakuja! Mke wangu Ilka alikata simu, akaketi jikoni, akalia, akacheka, akalia tena. Mimi nikala peremende niliyokuwa nayo mfukoni. Habari njema hunitia njaa.

Bi Etelka, mama yake, hajakanyaga hapa kwa miaka mitatu. Sababu ni kabati. Alikuwa amekwenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu magoti, nami nikaona nimfanyie hisani nyumbani kwake. Kabati lake la mbao ya mjozi, alilorithi kwa bibi yake, nikalipaka rangi ya dhahabu. Lote, na vishikio vyake. Aliporudi alilitazama mara moja. Alivaa koti tena, akaenda kukaa kwa jirani mpaka nilipoondoka. Watu wengine hawajui kupokea zawadi.

Sasa amekubali kula nasi mkesha wa Krismasi, kwa sharti moja. Mti upambwe kama ulivyokuwa ukipambwa kwake, kwa vitu vya kale vya familia, na ndege wa kioo akae juu. Tena kwa desturi yao, mwanamume wa nyumba hupamba peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Wengine hungoja jikoni mpaka awapigie kengele.

Yaani mimi!

Ilka alinitazama machoni. Akasema nikiharibu na safari hii, mama yake hatarudi tena, na yeye mwenyewe hajui kama atanisamehe. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nimeapa kutofanya ubunifu wowote.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekutana na Gedeon kwenye ngazi. Mpiga tarumbeta mstaafu, mlango wake unatazamana na wetu, na kifua anakitanguliza kama bado yuko jukwaani.

Siku ya pili ya Krismasi watu wa jengo letu hupita mlango kwa mlango kusifu miti. Anayesifu humiminiwa pálinka, pombe kali ya matunda. Mwaka jana mti wa Gedeon ulisifiwa mpaka chupa zake zikakauka. Wangu waliutazama kwa muda mrefu, halafu mtu mmoja akasema ni wa kijani.

Leo ameniuliza kwa upole kama nitatundika tena ile mipira ya plastiki ya dukani. Yeye amepata nyota za mabua za shangazi yake. Akanipigapiga begani akasema kitu cha kale hakinunuliwi, jirani, hurithiwa.

Tutaona! Boksi la mapambo ya mama mkwe ni silaha tosha, lakini silaha moja haishindi vita. Nimepata wazo. Kama kitu kipya kinaweza kuchakaa, basi kinaweza kuchakazwa. Nikaiweka mipira ya plastiki kwenye oveni ipate sura ya uzee.

Ilizeeka kupita nilivyokusudia. Sasa ni uji mwekundu juu ya sinia ambalo Ilka huokea bejgli, keki za kuviringisha za Krismasi. Nimefungua madirisha yote, na nje ni baridi ya kukata masikio. Ilka aliporudi aliuliza harufu hiyo ni ya nini. Nikasema inatoka kwa Gedeon.

Jumamosi, 20 Desemba

Ilka amenikabidhi boksi la mama yake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Ndani, kwenye pamba, mna tufe za kioo, misonobari midogo ya kioo, tarumbeta moja ya kioo (Gedeon asiione), na yeye mwenyewe, ndege. Wa rangi ya fedha, ana kibanio miguuni, na mkia mrefu wa nyuzi nyembamba za kioo.

Mzuri. Lakini mchafu! Ana vumbi la Mungu anajua miaka mingapi. Nikamwona kwa mawazo Bi Etelka akivaa miwani, akimsogelea, akiguna. Ilka alikuwa ametoka kununua samaki. Kumwosha ndege si ubunifu, ni usafi.

Maji ya uvuguvugu, siki kidogo, sabuni ya vyombo. Alianza kung'aa. Nikaimba. Halafu nikaona sinki linang'aa kuliko ndege.

Mkia umeondoka. Gundi ya kale haipatani na siki. Nyuzi zilizunguka kwenye maji mara moja, vizuri sana, zikaingia kwenye tundu la bomba. Nilifungua bomba kwa spana. Nilipata kijiko tulichokitafuta tangu kiangazi, mkia sikuupata.

Ndege bila mkia ni kiazi chenye mdomo.

Nimemrudisha kwenye pamba na kufunga boksi. Nimemwambia Ilka lisiguswe hadi siku yenyewe, kwa heshima ya desturi. Ameniona mtu mzito wa mila, akanibusu shavuni. Nilijisikia vibaya sana.

Jumapili, 21 Desemba

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ilka akiwa kanisani nilishuka uani kutafuta unyoya wa njiwa. Nikabandika mmoja, kisha matatu. Sasa ndege anafanana na kuku aliyeshindwa ugomvi. Nikabandua.

Kwa masikitiko nimekula peremende za mti. Ni zile za kuning'inizwa matawini, zilizofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Kila familia ina mwizi anayezila na kuiacha karatasi imevimba kana kwamba bado ina kitu. Kwetu mwizi ni mimi, na Ilka anajua. Ila kwa kawaida mimi hungoja zitundikwe kwanza.

Nilipozinduka boksi zima la peremende lilikuwa tupu. Hakuna shida. Nimekata karoti za supu vipandevipande na kuzifungia kwenye karatasi zilezile. Kwa macho, huwezi kutofautisha.

Jumatatu, 22 Desemba

Gedeon ana ndege! Nilimwona mwaka jana, wa kijani, mkia wa nyuzi za kioo, urefu uleule. Nilihitaji mkia tu. Ndege ningemwachia.

Nikabisha, nikasema nimekuja kumsifia mti mapema kabla ya msongamano. Akafurahi, akaenda jikoni kuleta glasi. Mapambo yake nilijua yako chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mabega yakaingia yote. Kutoka yakakataa.

Nilisikia viatu vyake vikisimama nyuma yangu.

“Jirani,” akasema Gedeon, “mti uko sebuleni. Tena nitaupamba keshokutwa.”

Alinivuta kwa miguu. Nikamwambia ukweli wote, maana mtu aliyevutwa kwa miguu hana ujanja uliobaki. Alisikiliza, akanywa glasi yake, akanywa na yangu. Mkia hatoi. Kwa Ilka hatasema kitu, ila siku ya kusifu niwe wa kwanza mlangoni kwake, niusifu mti wake kwa sauti, jengo zima lisikie. Nikakubali. Nimetoka bila mkia na bila heshima.

Jumanne, 23 Desemba

Nimeshindwa kula. Ilka anapika, anaimba, amempigia mama yake simu mara tatu kumwuliza kama mto laini anaupenda au mgumu. Amemtandikia chumba kidogo. Nilisimama mlangoni nikamwona analainisha shuka kwa kiganja, taratibu, kama msichana. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, nikauliza chumvi iko wapi.

Nikaenda kunyoa ndevu ili nife nikiwa nadhifu. Nikaipaka brashi sabuni. Nikaitazama. Brashi nene, ya manyoya halisi, ndefu, ncha zake nyeupe kidogo.

Nikamtazama ndege. Nikaitazama brashi tena.

Nimekata nusu. Nimefunga kwa uzi, nimebandika kwa gundi ya viatu. Si kioo. Hata kipofu ataona si kioo. Lakini ni mkia, umesimama, na kwa mbali, taa zikizimwa, mtu akiwa na nia njema, unaweza kupita. Shida ni harufu. Nimeuosha mara mbili, bado ndege ananuka kama kinyozi.

Jumatano, 24 Desemba

Alifika saa tisa alasiri. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kofia ya sufu, mkoba umebanwa kwapani. Alimkumbatia Ilka kwenye korido. Mimi alinipa ncha za vidole. Akauliza kama kuna chochote humu nilichokipaka rangi. Nikasema hapana, Mama. Akasema Mungu mkubwa.

Nikajifungia na mti. Nikatundika kila kitu kama Ilka alivyonieleza. Ndege nilimweka juu, mkia ukielekea ukutani, nikazima taa, nikawasha mishumaa. Nikaishika kengele, ikalia yenyewe kabla sijaamua kuipiga.

Waliingia. Ilka akashika mkono wa mama yake. Na mti, nisijisifu, ulipendeza. Bi Etelka alitazama chini kwenda juu, tufe moja moja, akiitikia kwa kichwa polepole. Alipofika kwa ndege akavaa miwani.

Akasogea. Akazunguka mti. Kwa nini mtu azunguke mti!

Akamshika ndege, akamgeuza. Ilka akaziba mdomo kwa kiganja. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kuwaza nitalala wapi. Bi Etelka akauleta mkia puani, akanusa, akafumba macho.

“Vilmos,” akasema.

Vilmos ni marehemu mume wake. Nikadhani amechanganyikiwa, nalo hilo ni kosa langu.

Akaketi. Akasimulia bila kutuangalia. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa yeye mwenyewe alimwangusha ndege, mkia ukasagika, na mama mkwe wake alikuwa njiani anakuja. Alilia. Vilmos akaingia bafuni, akatoka na ndevu nusu na brashi iliyokatwa, akaubandika mkia. Ulidumu ndoa yao yote. Alipokufa, Ilka akiwa bado mchanga, nondo wakaula, naye akanunua wa kioo sokoni.

“Ule wa kioo sikuupenda hata siku moja,” akasema. “Ulikuwa haunuki kitu.” Akaniangalia, miwani imejaa ukungu. “Mwanangu, nani alikwambia?”

Hapa mtu mwaminifu angesema. Mimi niliinamisha kichwa. Nikasema baadhi ya mambo, Mama, mtu huyahisi tu.

Alinivuta akanibusu mashavu yote mawili. Nikakaa sakafuni kando ya kiti chake, na sikuona aibu. Nafuu iliyoje! Ilka alikuwa anamlilia baba yake na kunitazama mimi, kwa zamu. Baadaye, akinipakulia supu ya samaki, alininong'oneza kwamba baada ya chakula ataikagua brashi yangu. Supu haikuwa na karoti. Nimekula mabakuli matatu.

Amekwisha kuikagua. Nilimsikia akicheka bafuni peke yake, muda mrefu, na maji yakitiririka ili mama yake asisikie.

Ijumaa, 26 Desemba

Siku ya kusifu. Nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Gedeon, nikausifu mti wake kwa sauti mpaka ghorofa ya chini wakafungua madirisha. Deni limelipwa. Iliniuma, lakini pálinka ilikuwa ya plamu.

Halafu wakaja kwetu! Bi Etelka alikaa kando ya mti na kumsimulia kila aliyeingia habari ya ndege, na ya mkwe wake mwenye moyo wa kukumbuka asichowahi kukiona. Wanawake wawili walilia. Mtu mmoja aliomba kunusa, kisha wote wakapanga foleni kunusa. Hakuna aliyetaja ukijani.

Gedeon alinusa wa mwisho. Anajua kila kitu, nami nilijua anajua. Alimtazama Bi Etelka, akamtazama Ilka, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema ni mti mzuri kuliko wake. Nusura nimpende. Kisha, ili asilazimike kusema zaidi, akachuma peremende, akaifungua, akaitia mdomoni.

Alitafuna kwa muda mrefu. Watu wote wanatazama. Akameza, akasema ina ladha ya kale. Nilimmiminia glasi hadi ukingoni.

Jumamosi, 27 Desemba

Bi Etelka atakaa nasi hadi baada ya Mwaka Mpya! Ameamua mwenyewe, kwenye chai. Ilka anatembea nyumbani kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Asubuhi niliwakuta wote wawili wamevaa soksi zangu, wanakula bejgli na kusengenya shangazi fulani. Namshukuru Mungu, na kwa moyo wote. Ilikuwa karibu sana. Sitaingiza tena mkono wangu kwenye vitu vya mtu.

Mchana Bi Etelka amenipa ufunguo wa nyumba yake. Niende nikamletee ndala zake na kumlisha paka. Amesema hamwamini mtu mwingine.

Nimekwenda. Paka amekula. Ndala nimeziona, ziko chini ya kabati.

Nimekaa nikalitazama kabati. Baada ya miaka hii yote nimeweza kulitazama bila hasira, kama fundi. Na nakiri kwamba mama mkwe alikuwa na haki. Dhahabu ilikuwa kosa. Chumba kile kinaelekea kaskazini, dhahabu inakuwa nzito mno.

Fedha ndiyo rangi yake. Kama ya ndege.

Atarudi baada ya Mwaka Mpya, kwa hiyo muda upo. Brashi ninayo, imebaki nusu, lakini kwa kabati inatosha.