Ombi la Kumrudisha Mnyama wa Bafuni kwa Buibui

Kwa Mwalimu François wa biolojia, Likasi

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Bafuni kwetu, nyuma ya pipa la maji, anaishi mnyama wa miguu mirefu myembamba kama nywele, na kila asubuhi mimi humsalimia. Darasani unanijua, sijawahi kuinua mkono. Yeye namwambia habari zangu zote.

Sasa maisha yake yako hatarini, na wa kulaumiwa, kwa heshima zote, ni wewe na ile karatasi yako ya kutambua viumbe.

1. Karatasi iliuliza: ana kiuno? Nikachukua lenzi ya Baba ya kusomea. Hana. Mwili ni kipande kimoja, kama punje ya haragwe, na buibui ulisema ana viwili. Ningeishia hapo, lakini karatasi yako haina huruma.

2. Ikauliza macho. Ni mawili tu, juu ya kilima mgongoni, kama msimamizi wa machimbo ya Kakontwe. Ikataka na miiba ya hicho kilima, na miiba ya mikono ya mbele, mpaka nikafika kwenye jenasi yake. Ukanipa ishirini juu ya ishirini. Sijui kama ulifikiria matokeo.

3. Matokeo ni haya. Kwa furaha niliisoma kazi yangu mezani, mimi ambaye hata chumvi huwa naiomba kwa macho. Nikamalizia: si buibui, ni faucheux, ukoo mwingine kabisa. Mwalimu, kwetu buibui haguswi. Nyanya Fatu, mama yake Baba, ametulea na habari ya yule aliyetanda utando mlangoni mwa pango, Mtume asionekane. Kaka yangu Swedi, dereva wa njia ya Kakanda, haogopi tope wala polisi, ila miguu hiyo minane anaiogopa. Miaka yote ameoga akijibana pembeni kwa heshima. Akaweka kijiko chini.

"Kumbe haiko buibui," akasema. "Basi, Samira, miye niko na ruhusa."

Kandambili yake sasa inangoja mlangoni mwa bafu.

4. Kwa hiyo naomba uirudishe jenasi nzima kwa buibui. Sayansi ikikataa, iwe kwa Likasi tu. Likasi ikiwa kubwa, iwe kwa bafu letu. Na kama kikwazo ni kiuno, niandikie cheti chenye muhuri wa shule kwamba anacho, ila amevaa kanzu pana.

Nisalimie Madame, watoto, na yule chura wako wa kwenye chupa.

Mimi wa dawati la nyuma,
Samira Moussa

N.B. Nilipofika hapa nilisikia hatua zikija mlangoni. Mkono ukaenda kuificha karatasi chini ya mto, kisha nikaacha. Alikuwa Nyanya. Nikamsomea yote, hata kanzu. Akamwita Swedi.

"Buibui iko kwa dari, huyu iko chini yake. Basi ni mugeni wake. Kwetu mugeni anapigwa kandambili?"

Kandambili imerudi miguuni mwa Swedi. Sayansi iache ilivyo, na cheti usiandike. Ila Nyanya anataka kujua huyo wa kwenye dari ni wa jenasi gani, nami nimeahidi kuuliza. Kesho ukiona mkono nyuma ya darasa, usishtuke.