Kiti cha Karibu na Feni

Jumatatu, 4 Machi

Kesho ni kikao cha sita. Nimepona kupita kiasi.

Naandika nikiwa kazini, masjala, chumba cha mwisho cha korido, ghorofa ya tano. Mimi na mafaili. Anayetaka faili huandika namba kwenye karatasi, huipitisha kidirishani, nami hupitisha faili. Miaka kumi na saba. Wapo wafanyakazi humu wanaoujua vizuri mkono wangu wa kulia na hawajui kama nina masharubu.

Mwezi wa kwanza nilienda kwa daktari. Moyo ulikuwa unanienda mbio kila nikisikia hatua za mtu mlangoni. Akapima moyo, damu, tezi ya shingo. Vyote vizima. Akauliza nakunywa vikombe vingapi vya kahawa. Nikasema viwili. (Ni vitano.) Akanipeleka kwa mwanasaikolojia, vikao vinane, kila Jumanne saa nne asubuhi. Huyo namwita Mtaalamu.

Kila kikao huanza na fomu. Maswali saba. Kwa wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na wasiwasi, kukosa utulivu, hasira za karibu, na kadhalika. Kila swali sifuri hadi tatu. Nilianza na alama kumi na saba. Wiki jana nimepata saba. Mtaalamu akatabasamu, akasema nikishuka chini ya tano tutakuwa tumemaliza kazi.

Tumemaliza! Huyu ndiye mtu pekee duniani anayeniuliza nimelalaje. Ni saa moja tu kwa wiki ambayo naanza sentensi na kuifikisha mwisho. Sitaki kumaliza chochote.

Kwa hiyo, hila. Kesho alama kumi na nne. Si nyingi kiasi cha kurudishwa kwa daktari nikapewe vidonge, si chache kiasi cha kuagwa. Mbili kwa kila swali. Hesabu safi.

Jumanne, 5 Machi

Mambo hayakwenda.

Kwanza, kiti. Ukumbi wa kusubiri una viti tisa na feni moja, na kiti cha karibu na feni kina mwenyewe. Mama mmoja wa makamo, namwita Bibi Sweta kwa sababu hafanyi lingine ila kufuma. Nikifika yupo. Nikitoka yupo. Bila shaka ndiye mgonjwa kipenzi, anapewa saa mbili nzima baada ya yangu. Leo nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikachungulia fomu iliyokuwa mapajani mwake. Kumi na tisa! Imeandikwa kwa penseli, kubwa. Kumi na tisa, na mikono yake haitetemeki hata kidogo. Nilimwonea wivu hadi nikasahau kufunga kiatu.

Pili, Mtaalamu. Aliitazama fomu yangu muda mrefu. Akasema hajawahi kuona wasiwasi uliosambaa sawasawa namna hii, mbili, mbili, mbili mpaka chini. Akauliza wiki hii kumetokea nini.

Hapo nikapatikana. Sikuwa nimeandaa cha kutokea. Nje kengele ya lifti ikalia, nikasema lifti. Naogopa lifti. Akauliza mara ya mwisho nimepanda lini. Nikasema miaka mitano, na huo ni ukweli mtupu, kazini napanda ngazi kwa miguu kila siku. Ila si kwa sababu ya lifti. Lifti haina neno. Wabaya ni watu waliomo. Hilo sikulisema.

Mtaalamu akafurahi, akachukua karatasi, akachora kitu anachokiita ngazi ya hofu. Unaandika unachokiogopa kidogo chini na unachokiogopa sana juu, halafu unapanda kipandio kimoja kimoja, hukimbilii cha juu wala hukimbii. Cha kwanza, kusimama mbele ya lifti. Cha pili, kupanda peke yangu. Cha tatu, na mtu mmoja. Cha nne, ikiwa imejaa, bila faili langu. Akauliza ni jambo gani baya kabisa linaloweza kunipata ndani ya lifti. Nikasema, mtu kuniuliza habari za kazi. Akaliandika kipandio cha tano. Nimejichongea mwenyewe.

Kuhusu faili: ni la kijani, halina kitu ndani. Nalibeba kwapani kila ninapotoka masjala ili nionekane nina ninakokwenda. Mtaalamu aliligundua kikao cha pili. Analiita mkongojo. Anasema nikitembea nalo siku zote sitajua kwamba miguu ni mizima.

Tena kuna daftari. Kabla ya kila kipandio niandike nadhani kitatokea nini na nina uhakika kiasi gani. Baadaye niandike kilichotokea.

Jumatano, 6 Machi

Kipandio cha kwanza. Nilisimama mbele ya lifti ya ofisini dakika kumi, nikiitazama. Mlinzi akaja akasimama nami, akaitazama pia. Akauliza kama mimi ndiye fundi aliyeitwa kuja kutengeneza kitufe cha ghorofa ya tatu. Miaka kumi na saba napita mbele ya mlinzi huyu. Nikasema ndiyo. Akauliza lini. Nikasema kesho.

Kipandio cha pili. Nilipanda peke yangu hadi juu na kushuka, mara mbili. Raha sana, kusema kweli. Kuna kioo.

Ijumaa, 8 Machi

Kipandio cha tatu. Daftari: “Atanitazama, atacheka. Uhakika: tisini kwa mia.” Kilichotokea: dada mmoja wa ghorofa ya nne aliniomba nimzuilie mlango. Nikauzuia. Akasema asante. Basi.

Nilijaribu kuandika kwamba nilitetemeka mwili mzima. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta hadi karatasi ikatoboka.

Kipandio cha nne. Saa ya kutoka, lifti imejaa, faili nimeliacha mezani. Mikono haikujua iende wapi, nikaishia kuikunja kama mtu aliye kwenye foleni ya maziko. Ghafla sauti nyuma yangu. Mlinzi! Akauliza, mbele ya watu wote, kile kitufe vipi. Nikasema vipuri havijafika. Akasema ndivyo wanavyosema kila siku. Mzee mmoja akadakia kwamba kwao pampu ya maji inasubiri vipuri tangu mwaka jana. Nikasema vipuri ni tatizo kubwa. Tukaongea vipuri hadi chini, na chini tukasimama tukaendelea.

Nimefika barabarani ndipo nikagundua. Hicho kilikuwa kipandio cha tano. Nimeimaliza ngazi nzima ndani ya siku tatu. Mjinga mimi.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna jipya. Nimepiga pasi mashati manne ili Jumanne niwe na la kuchagua. Nimesugua jiko. Simu haijalia tangu wiki iliyopita, alipopiga mtu aliyekosea namba. Nilimwambia amekosea, nikakata. Nikakaa nikiwaza kwamba ningeweza angalau kumuuliza anamtafuta nani.

Nyumba ina viti vinne. Vilikuja vinne, seti. Nakalia kile cha dirishani. Leo nimejaribu vile vingine vitatu kimoja kimoja, kuona. Niliona upweke kweli, upweke wa kukaba koo, nikafanya pumzi za Mtaalamu: kuvuta kwa kuhesabu nne, kutoa kwa kuhesabu sita. Zinafanya kazi. Koo lilifunguka. Upweke ukabaki palepale, ila sasa napumua vizuri.

Jumanne, 12 Machi

Fomu ya leo niliichanganya kwa akili. Tatu, moja, mbili, tatu, moja, mbili, mbili. Kumi na nne ile ile, ila inaonekana ya mtu.

Mtaalamu akaomba habari za lifti. Nikasimulia mlinzi, kitufe, vipuri. Akacheka hadi akavua miwani. Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kinavyosikika, kimekuwa cha baba yangu.

Kisha akaweka kalamu chini. Akauliza kwa upole kabisa: alama zikishuka, nitapoteza nini?

Nikasema, Jumanne.

Lilitoka kabla sijalizuia. Hakunigombeza. Alisema fomu ni kama mzani wa kupimia uzito, nikiubonyeza kwa kidole hautamsaidia yeye wala mimi. Akanipa nyingine, akageukia dirisha ili nijaze kwa amani. Sita. Akasema wasiwasi wangu umepungua sana. Kinachoniumiza sasa ni kwamba sina mtu, na saa moja kwa wiki pamoja naye haiwezi kuwa watu. Kwa hiyo ngazi mpya, ngazi ya watu. Kipandio cha kwanza: leo, kabla ya kutoka jengo hili, nimwambie mtu mmoja sentensi moja.

Nilifika ukumbini. Bibi Sweta kitini pake, anafuma. Nikaogopa, nikampa sentensi yangu dada wa mapokezi. Nilimuuliza yule mama huwa anaingia saa ngapi.

Akasema haingii. Alimaliza matibabu yake mwaka jana. Tangu afiwe na mumewe nyumba imekuwa kimya, basi Jumanne huja kukaa na watu, na hapa hakuna anayemkatalia. Nikauliza, na zile alama kumi na tisa? Dada akacheka. Ile ni fomu ya zamani, Bibi Sweta anaandikia idadi ya mistari aliyofuma.

Kwa hiyo nilikuwa nashindana na mkono wa sweta.

Jumanne, 19 Machi

Kikao cha nane. Alama nne. Za kweli.

Mtaalamu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nirudi baada ya miezi mitatu aone naendeleaje, mambo yakiharibika kabla ya hapo nipige simu. Akanipa karatasi ya ngazi ya watu nikaibebe. Kipandio cha pili: nikialikwa mahali, niende. Nilitaka kumwambia mimi sialikwi. Nikaona nisimharibie siku.

Nimetoka, Bibi Sweta akasimama. Bila hodi wala salamu akanigeuza, akanipimia sweta mgongoni. Rangi ya kijani. Akasema alikuwa amekosa mabega ya kupimia. Nikasimama wima, nimenyoosha mikono kama kiango cha nguo. Muda mrefu sijaguswa bega. Nilitaka akosee vipimo, arudie.

Akasema kuanzia Jumanne ijayo hatakuwa hapa. Wafumaji wenzake wamepewa chumba nyuma ya maktaba, saa nne, wanawake sita na dereva mmoja mstaafu. Kuna chai. Akasema, “Njoo, mdogo wangu. Nitakuwekea kiti.”

Nikasema nitaangalia. Akasema nisiangalie, nije.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeliwaza jambo hili wiki nzima, na leo nimemshtukia.

Nani anaachia kiti cha karibu na feni kwa hiari yake? Hakuna. Huyu mama ameona nimemaliza vikao, ameona nina Jumanne nzima mikononi, ameingiwa na hofu ya kiti chake. Hivyo ananituma maktaba nikahangaike, yeye abaki na upepo. Na ile ya kunipima mabega! Alikuwa anakadiria kama nitaenea kitini. Nilikaribia kabisa kuingia mkenge.

Isitoshe, chumba cha watu saba. Ukifungua mlango vichwa saba vinageuka. Si kwamba naogopa. Nimefuata utaratibu, nimeandika daftarini: “Wote watageuka, watanyamaza, na kiti hakitakuwepo. Uhakika: tisini na tano kwa mia.” Mtaalamu husema dhana lazima ijaribiwe. Lakini tisini na tano ni nyingi. Hapo hakuna cha kujaribu.

Hila ya kesho: kufika saa tatu.

Jumanne, 26 Machi

Ushindi!

Nimefika saa tatu kasoro dakika tano, faili la kijani kwapani. Kiti kitupu. Nikakikalia. Ni kizuri kuliko nilivyodhani, kinaona mlango wote, na upepo unakupata sawasawa mgongoni.

Dada wa mapokezi akauliza namsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu.

Saa nne, Bibi Sweta hayupo. Saa nne na nusu, hayupo. Ni wazi alifika mlangoni, akaniona, akarudi. Watu waliitwa mmoja mmoja wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Hakuna aliyekisogelea kiti changu.

Saa tano simu ya mapokezi ililia. Dada akafunika kipokezi kwa mkono, akasema ni yule mama, anauliza kama nimeonekana, kama sijapatwa na jambo njiani, chai inapoa. Angalia werevu huo. Kashindwa kuja mwenyewe, anatuma simu kunipeleleza. Nikamfanyia dada ishara kwamba sipo. Dada alinitazama muda mrefu, akasema kwenye simu kwamba sipo.

Nilichukua fomu mezani, nikajijazia, tatu kila swali. Ishirini na moja. Haiwezekani kupata zaidi ya hapo. Nikaiweka mapajani, ikiangalia juu, mtu yeyote aione.

Nilikaa hadi saa sita, ukumbi ukabaki wangu peke yangu. Lakini feni ile ina baridi kali, inaingia mabegani. Jumanne ijayo nije na sweta.