Jinsi Nilivyoing'arisha Bunduki ya Baba

Jumapili, 4 Machi 2012

Miguu inauma. Wageni kumi na tisa barazani tangu alasiri, gahawa haikauki. Mmoja ni mgeni wa mji, hajui kutikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Nimemmiminia mara kumi na moja. Macho yamemtoka. Lakini desturi ni desturi.

Kuna habari! Baba anauza bunduki. (Baba ndiye tajiri wetu, mzee wa Kikatari, sote wafanyakazi tunamwita hivyo.) Anazo nane ukutani, kila moja na kibali chake. Inayouzwa ni ile ya marisau, ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1893, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Wanawe wamemchosha: auze, auze. Mthamini Mwingereza anakuja Alhamisi kuikagua na kutaja bei.

Mimi nimepewa ufunguo nikafute vumbi. Kwa kitambaa kikavu, Baba akasema. Kisha akarudia. Kana kwamba mimi mtoto!

Sasa langu. Likizo ya Aprili ni ya mtu mmoja: mimi au Githinji, dereva. Miaka mitatu sijakanyaga Muheza. Binti yangu Aisha anaolewa Ijumaa ya tarehe 13 Aprili na walii wake ni mimi. Nisipofika ataozeshwa na mdogo wangu Ibrahimu, ambaye hajawahi kuuza hata mbuzi bila kupunjwa. Githinji yeye anataka kwenda kula Pasaka Kiambu. Basi! Baba ataamua baada ya Mwingereza kuondoka. Lazima nimfurahishe.

Jumatatu, 5 Machi

Nimeiona bunduki. Aibu! Mitutu yote imejaa mabaka ya kahawia, duara juu ya duara, kama choa kichwani. Mti wa kitako umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Gobole la mjomba wangu kule Handeni ni safi kuliko hii, na mjomba alikuwa akiliweka juu ya moshi.

Nani atainunua? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki ni kibaya.

Jioni Githinji kaosha gari mpaka likawaka. Baba kampiga bega mara mbili. Nimeshuhudia mwenyewe. Kumbe mzee anapenda mng'aro!

Nikaaga kwamba naenda kununua mkaa wa chetezo. Nikapanda basi hadi Industrial Area ya huku, mtaa wa mafundi, kusimama njia nzima. Joram, fundi wa rangi wa kwetu Tanga, kanipa msasa na kopo la vanishi. Akauliza ni vya kazi gani. Nikasema kitanda. Mkaa nikausahau.

Jumanne, 6 Machi

Nimesugua tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, mlango nimeufunga kwa ndani. Mkono wa kulia hauinuki.

Madoa yalikuwa sugu. Tena yamepangika, mstari kwa mstari, kama yaliyochorwa. Kutu ya Kiingereza ina nidhamu. Lakini haikuniweza! Mitutu sasa ni myeupe kama sufuria mpya. Pale pa kushikia palikuwa na vimikwaruzo vingi vidogo vilivyokatana. Nimevisawazisha vyote. Kisha vanishi, nikaipaka mara mbili.

Nimejitazama kwenye kitako. Sura yangu naiona. Imechoka, lakini naiona.

Usiku huu nalala nikiwa baba wa bibi harusi. Muheza, nakuja!

Jumatano, 7 Machi

Siku mbaya. Sitaki hata kuiandika.

Nilimwita Githinji chumba cha bunduki ili aumie roho. Akatazama. Akashika kichwa.

“Buda,” akasema, “hiyo kitu umeiua.”

Akanieleza kwamba juzi kwenye gari Baba alikuwa akimsimulia rafiki yake. Yale mabaka si kutu. Mafundi wa zamani walisokota vipande vya chuma na vya feleji, yaani chuma cha pua, pamoja, wakavifua mpaka vikawa mtutu, na yale ndiyo maua yake. Mafundi hao wamekwisha duniani. Wanunuzi hulipia maua. Vile vimikwaruzo navyo vilichongwa kwa mkono, ili mshiko usiteleze.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema hakuulizwa.

Nimekaa chini nusu saa. Halafu akili ikaja. Kinachotakiwa ni kahawia, na kahawia ndiyo kazi yangu! Nimekoroga chai nzito, majani vikombe vitatu, chumvi, na siki ya Bi Mwanahamisi, mpishi wetu wa Unguja. Nilipomweleza aliweka mwiko chini.

“Mie simo, Athumani,” akasema. “La kuvunda halina ubani.”

Siki alinipa lakini. Nimechora duara moja moja kwa kijiti cha kusafishia masikio, mia mbili na kitu, kisha nikaianika nyuma ya jiko. Mpaka saa kumi mabaka yakarudi. Rangi ya chungwa kidogo. Si mbaya ukisimama mbali.

Alhamisi, 8 Machi

Mthamini hakusimama mbali.

Alikuja na miwani, kioo cha kukuzia na kifaa cha kupimia mdomo wa mtutu. Akaanza na namba: ya mtutu, ya kitako, zinafanana. Nikafurahi. Kisha akainama karibu. Akapitisha kidole kwenye mabaka yangu, kidole kikatoka cha machungwa. Akakinusa. Akamuuliza Baba kama bunduki huwekwa jikoni, maana inanuka iliki.

Ni kweli. Nilitumia majani ya chai ya wageni.

Akasema bunduki pacha ya hii iliuzwa mwaka jana kwa bei ya gari jipya. Hii ni ya kutundika ukutani. Hata kuipiga asithubutu mtu, chuma kimelika. Akafunga mkoba, akakataa chai.

Nilitegemea Baba apige kelele. Hakupiga. Aliishika bunduki pale pa kushikia, akapapasa kwa kidole gumba, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akasema baba yake aliishika hapo miaka arobaini. Yeye alipokuwa mtoto aliweka mkono wake hapo hapo, akauona mkono wa babaye umeacha alama. Akaniuliza alama iko wapi.

Nikamwambia nimeisawazisha kwa nia njema.

Akaniambia nitoke. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Ijumaa, 9 Machi

Likizo kapewa Githinji. Alikuja kuniambia mwenyewe, hakucheka. Afadhali angecheka.

Baada ya swala nikampigia mke wangu. Rehema akasema Ibrahimu ameshapimwa kanzu. Ameshapimwa! Tangu Februari! Kumbe walijua sitafika.

Aisha akachukua simu. Akasema nisijali, siku ya ndoa wataweka simu karibu na mdomo wa shehe, nitasikia kila kitu. Nikasema vizuri sana mwanangu, mtandao siku hizi hauna shida.

Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa. Nimechoka na nchi ya watu.

Jumamosi, 10 Machi

Sikufukuzwa. Baba kaninyang'anya ufunguo, kasema nisiguse chuma wala mti katika nyumba hii. Kwenda kwetu ni Desemba, akiona mabadiliko kwangu. Akiona mapema, tutazungumza mapema.

Mapema! Hilo neno limeniamsha. Tarehe 13 Aprili bado wiki tano, na ndege ya Dar haijajaa.

Nimehamishiwa chumba cha ndege wa kuwindia. Ni kipanga mmoja, jike, kazi yangu kumlisha nyama na kufagia. Bi Mwanahamisi anasema kipanga huyu bei yake inapita ile bunduki, hata ilipokuwa nzima. Basi nikamtazama kwa makini, maskini wa Mungu. Kifua kizima madoadoa ya kahawia, mgongo rangi ya vumbi. Hakuna anayemjali.

Nimenunua shampuu ya watoto, isiyochoma macho. Baba analala baada ya adhuhuri. Maji nimeshayatia moto.