Komeo Limeachwa, na Mimi Najua Kwa Nini

Jumatatu, 4 Mei
Mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani. Bado nabeba saruji. Mgongo umezoea, shingo bado. Lakini habari ya leo si shingo. Komeo limeachwa! Komeo ni ile programu ya kufunga diski nzima ya kompyuta, asiye na nenosiri haoni hata herufi. Ndiyo inayolinda kompyuta yangu, na ndani mna video ya harusi ya binti yangu, harusi niliyoikosa. Watengenezaji wameandika mstari mmoja tu: tumeacha, msiitumie tena. Sababu hakuna, kwaheri hakuna. Kambi nzima ya wajenzi inaniuliza mimi. Ni haki yao.

Jumanne, 5 Mei
Nimetoa maelezo wakati wa chai, nimesimama juu ya ndoo ya rangi. Wakubwa wa serikali waliwabana watengenezaji watoe ufunguo. Wao, watu wa heshima, wakaona heri wamuue mtoto wao kuliko kumuuza. Mpishi wa kambi nusura alie. Fundi wa kuchomelea, ambaye nalala naye chumba kimoja, akasema walichoka tu. Walichoka! Eti hata yeye akichoka huacha geti nusu akaenda kulala. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akasema maana anayo, anachokosa ni usingizi kwa ajili ya mdomo wangu.

Jumatano, 6 Mei
Usalama kwanza. Nimebuni jambo kubwa. Kama mwenye ufunguo hubanwa, dawa ni ufunguo usiwe na mwenyewe. Nimebadilisha nenosiri: mpishi kaandika kipande, fundi kipande, mimi kipande, na kila mmoja akiandika wengine wanatazama ukuta. Sasa hata nikifungwa kamba siwezi kusema! Tukaizima kompyuta kwa heshima, kama watu wanaoteremsha bendera.

Alhamisi, 7 Mei
Mama watoto kapiga simu. Simu yake iliangukia kwenye karai la kufulia, imekufa na video yake. Wakwe wanakuja Jumapili kuitazama. Niitume haraka. Nikamwambia asitie shaka, iko mahali salama kuliko pote. Nilijivuna mpaka jioni. Jioni nikawaita wenzangu. Mpishi akaandika kipande chake. Fundi akakunja mikono. Akasema kwanza nipande ndoo, niseme mbele ya watu kwamba wale walichoka tu. Hayawani!

Ijumaa, 8 Mei
Sisemi ng'o. Nimekisia kipande chake: jina la mkewe, la timu yake, la mashine yake. Wapi! Nimempa nyama yangu ya mchana. Akala, akashukuru, akasema hata mimi naonekana nimechoka. Mpishi akaninong'oneza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia arudi jikoni.

Jumamosi, 9 Mei
Mama watoto tena. Hakugomba, ndilo lililoniuma. Alisema siku ya harusi watu walimuuliza mumeo yuko wapi, akajibu yuko kazini. Kesho wakiuliza video, aseme nayo iko kazini?
Nikapanda ndoo. Nikasema: walichoka. Kambi ikapiga makofi, hata msimamizi. Fundi akanawa mikono kabisa, akaja kuandika. Diski ikafunguka. Binti yangu anacheka. Mstari wa mbele kuna kiti kimoja kimewekewa koti langu la zamani, asikae mtu. Vumbi la saruji liliniingia machoni, basi. Video nimeituma.

Jumapili, 10 Mei
Wakwe wameona, wamefurahi. Fundi anatembea kama jengo kalijenga peke yake. Mwache. Sasa siri naijua mimi tu. Wale wa Komeo hawakubanwa wala hawakuchoka. Waligawana nenosiri, wakagombana, mmoja akagoma! Kosa lao li wazi: walikuwa wachache. Kwa hiyo leo nimefunga upya, vipande saba: wabeba saruji wawili, mlinzi, msimamizi, mpishi, dereva wa kreni na mimi. Fundi hayumo. Dereva anahamia kambi nyingine kesho, lakini kaapa atapokea simu.
Na nyumbani wajue, safari hii sitanii: narudi Desemba, tarehe ishirini. Tiketi imeshatumwa. Nimeihifadhi mlemle ndani ya diski, pamoja na harusi, asiiguse mtu.