Faili Mia Tatu za Daktari

Watu wa mjini walimwita Daktari, ingawa hakuna aliyewahi kuona cheti chake wala mgonjwa wake. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye lifti, akitoka kumuuzia mhasibu mmoja dawa ya kuotesha nywele, walipoingia vijana wawili wakibishana.

"Mstari unaanza na nafasi mbili," alisema wa kwanza.

"Nne, na mabano yanafungwa mstari wa chini. Na kile kitufe cha tovuti nimeshakiita 'nyekundu1'. Nani kakibadilisha jina?"

Daktari hakuelewa hata neno moja. Alichoelewa ni kwamba watu wazima walikuwa karibu kushikana mashati kwa ajili ya nafasi tupu, na kwamba lazima kuna mkubwa wao aliyechoka kuwasikiliza. Akashuka nao.

Mkubwa huyo alikuwa meneja, mwanamama wa sauti ya upole, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitengeneza tovuti ya kuuzia samani.

"Mama, mafundi wako hodari," Daktari alimwambia, "ila kila mmoja anapima kwa futi yake. Mnunuzi akichungulia ndani ataona viraka vitupu. Kazi yangu mimi ni kuandika kanuni."

"Kanuni za nini, mwanangu?"

"Za nafasi, za majina, za rangi. Mpaka pa kufungia mabano."

Meneja alitazama boksi la laptopu mpya lililokuwa juu ya kabati. Daktari alikuwa ameliona kabla hata ya kumsalimia.

"Ukimaliza, lile ni lako."

Kesho yake alileta kurasa arobaini ndani ya jalada la plastiki. Alizichota bure mtandaoni, akabadilisha kitu kimoja tu: jina la mwandishi. Meneja alizisoma zote taratibu, akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Umeandika vizuri mno. Sasa tuna faili mia tatu za zamani za tovuti hii. Nikiwapa hawa vijana watauana. Zinyooshe wewe, mwenye kanuni zako."

Angekataa, angejulikana. Daktari akaketi.

Kwa wiki tatu alifungua faili moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya ofisi, kanuni mapajani, akijifunza kwa jasho alichodai kukibuni. Alipokosea, vitufe vilihama na makochi yakapandiana kwenye skrini, naye akaanza upya. Mwishowe akajikuta anamkaripia kijana mmoja kwa mabano aliyoacha wazi, na cha ajabu, alikuwa na uchungu wa kweli.

Ijumaa meneja alimkabidhi boksi kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Fundi simu wa mtaa wa pili, aliyepelekewa alinunue, ndiye aliyelifungua. Laptopu ilikuwamo. Ndani ya laptopu hamkuwamo kitu, ganda tupu.

Daktari alirudi mbio, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na wale vijana wawili wamekaa ngazini.

"Kauza tovuti, kaondoka na kila kitu," alisema mmoja. "Sisi alituahidi hisa. Wewe je?"

"Laptopu."

"Mnunuzi alikuwa anaikataa tovuti mwaka mzima kwa sababu ya ule uchafu wa ndani. Juzi akaiona imenyooka, akasaini palepale." Kijana akasogea kumpa nafasi ya kukaa. "Lakini tuseme ukweli, kaka, kazi yako ni safi. Sijaona faili zilizopangwa vile."

Daktari alitafuta uongo wa kumjibu, akaukosa. Akasema tu asante, akainama kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.