Katuni Mliyoipigia Muhuri wa Watoto

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Ukaguzi wa Filamu

Ndugu Mwenyekiti,

Pole na kazi ya kuitazamia nchi nzima filamu zake. Juzi nilimpeleka binti yangu sinema kuona katuni ambayo bodi yako imeipiga muhuri "Inafaa kwa Watoto Wote". Najua mlivyofika hapo: mliona imechorwa, mkadhani ni ya sungura. Kumbe ni ya msichana anayekua katika nchi ambayo mtu mzima hasemi neno kabla ya kuchungulia dirishani. Naomba ipigwe marufuku, kwa sababu hizi:

1. Inafanana. Baba wa yule msichana akitaka kuzungumza na mkewe, huongeza sauti ya redio. Binti yangu akaniuliza, ukumbi mzima ukasikia: "Baba, mbona na wao wanaongeza redio kama sisi?" Waliokaa mbele yetu wakainamia bisi zao.

2. Imetuharibia redio. Sasa nikiongeza sauti tu, mtoto anasogea asikilize. Mimi na mke wangu tumehamia kwenye ishara. Jana nilimwomba chumvi, akaniletea koti na viatu.

3. Imemgusa mdogo wangu. Nyumbani tunasema baba mdogo yuko masomoni. Ni kweli aliondoka alfajiri, akisindikizwa na wanaume wasiojitambulisha, amevaa ndala. Lakini masomo ni masomo. Kwenye filamu mjomba wa msichana naye "amesafiri". Tulipokuwa mezani binti akauliza, "Baba mdogo anasoma nini kisichoisha?" Mama yangu akaweka kijiko chini. Sungura asingetufikisha hapo.

4. Haikamatiki. Mwigizaji mngemwita, mkamhoji, akaomba radhi kwenye televisheni huku amevimba jicho. Mchoro mtauhoji nini? Napendekeza penseli zisajiliwe.

5. Inahamasisha kukua. Msichana anaanza filamu akiwa mdogo, anaimaliza akiwa mkubwa, mbele ya watoto wetu, bila kibali. Bodi isimamishe zoezi hili mpaka hali itulie. Ikishindikana, watoto waruhusiwe kukua miguu tu.

Nisalimie wajumbe wote, makatibu, na yule ndugu anayezifungua barua zangu kabla hazijakufikia. Mwambie safari hii nimekuza mwandiko kwa ajili ya macho yake.

Wako katika utulivu,
Mzazi

Tanbihi: Ombi langu nalifuta. Nikiwa natafuta bahasha, binti ameuliza tena habari za baba mdogo, na mama yangu amewahi kujibu kabla yangu. "Mwanangu hasomi popote, mjukuu wangu. Walimchukua." Kisha akamtajia waliomchukua, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Basi iacheni katuni iendelee. Mkiizuia mtakuwa mmezuia nakala tu. Ile ya asili imekaa sebuleni kwetu, ina miaka sabini na kitu, haikuchorwa na mtu, na bado inasimulia.